Kadi ya Yohana Mwingine

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyonyamaza kwa sababu ya wivu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, katika zahanati moja upande wa Vuga. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyetunza daftari kubwa la wagonjwa, nimelipanga kwa vijiji. Likaletwa kabati jipya la kadi za kupangwa kwa herufi za majina, na aliyepelekwa kozi Tanga si mimi. Alipelekwa Hadija, msichana wa Pangani mwenye miezi minne tu kazini. Aliporudi na sketi mpya, nilichukia hata mwendo wake. Hasidi hana sababu, nami sikuitafuta.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Tabibu anataja jina, Hadija anachomoa kadi. Mara haionekani, mara inatoka ya mtu mwingine. Maskini alimwaga droo zote akapanga upya, makosa yakabaki yaleyale. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Huku kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na majina ya ukoo ya wanaume karibu wote huanza na She-. Yohana Shemhilu tulikuwa nao watatu, kila mmoja na kijiji chake, na kadi hazikuandikwa kijiji.

"Dada, kwenye daftari ulikuwa unawatofautishaje?" aliniuliza kwa adabu.

"Wewe ndiye uliyesoma," nikamjibu, nikaendelea kukunja bandeji. Utamu nilioupata, Mungu anisamehe!

Ijumaa akaja mzee Yohana wa Soni na kidonda mguuni. Hadija akatoa kadi safi, ya Yohana mwingine. Ya huyu niliijua: ilikuwa na mstari mwekundu, asichomwe penisilini. Nikasema moyoni, acha Tabibu agundue mwenyewe, amjue msomi wake. Hakugundua. Mzee akachomwa penisilini, akavimba uso, pumzi ikawa ya kutafuta. Tabibu alihangaika naye hadi adhuhuri ndipo akapata nafuu. Hadija alikuwa anafungasha nguo zake huku analia.

Mama Anjela, mkunga wetu mzee, akanivuta pembeni.

"Uliiona kadi ile."

"Niliiona, mama."

"Basi sindano ile umeichoma wewe."

Nilikwenda kwa Tabibu nikamweleza yote. Alinikaripia, kisha akaniamuru nikae na Hadija, tuandike kijiji na jina la baba kwenye kila kadi. Tukajaribu tena, hakuna iliyokosea. Tabibu hakumwambia Hadija nilichokiri, nami sikuthubutu. Hadija akanishukuru mbele ya watu wote, akaniita mwalimu wake. Shukrani ile inaniuma mpaka leo kuliko tusi.

Mwanangu, majuto ni mjukuu. Kitu kipya kikikwama mikononi mwa mwenzako, sema unachokijua wakati bado ni majaribio, hata kama sifa itamwendea usiyempenda. Wivu ukikushika usijidanganye kwamba huna. Uwe nao, lakini fungua kinywa.

Mungu akujalie ulimi usiochelewa, akupe na wenzako wasiokuficha kitu.