Kiwele Kina Maji ya Moto, Mlea Ndama Hana Hata Sabuni

Asubuhi, mama mmoja anapiga magoti kwenye nyasi kavu za banda la ndama, anachovya vidole viwili kwenye ndoo ya maziwa na kuvitia mdomoni mwa ndama. Ndama anavinyonya, akidhani kapata chuchu. Polepole mama huyu anashusha mkono mpaka pua ya ndama inagusa maziwa, kisha anavichomoa vidole. Ndama anaendelea kunywa mwenyewe.

Hivyo ndivyo ndama wa shamba hili wanavyofundishwa kunywa kwenye ndoo, na hakuna anayewaweza kama mjane huyu ambaye wenzake wamembatiza Mama Ndama. Humtania kwamba marehemu mumewe angefufuka, ingembidi alie kama ndama ndipo asikilizwe. Naye hucheka mpaka machozi.

Leo hacheki. Ndama watatu wamelegea kwenye kona, mikia imelowa, kinyesi ni majimaji ya njano. Hapa shambani hali hii imezoeleka kwa jina moja: "maziwa". Ndama kahara? Ni maziwa tu, kashiba kupita kiasi, mpunguzieni. Msimamizi husema hivyo, wakamuaji husema hivyo, na Mama Ndama naye alikuwa akisema hivyo hivyo.

Basi hata mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili anayeishi naye, alipoanza kuhara, bibi alisema ni maziwa. Akamnyima maziwa, akangoja. Mtoto akaishiwa maji mwilini, macho yakadidimia, akakimbizwa hospitali akiwa hana hata nguvu ya kulia.

Kipimo kilionyesha kimelea kisichoonekana kwa macho. Daktari wa mifugo alipoitwa, akakikuta hicho hicho kwenye kinyesi cha ndama. Alieleza kwamba ndama wachanga hukitoa kwa wingi, nacho hupitia mikononi na nguoni hadi midomoni mwa watu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Dawa ya kupaka mikononi, ile ya kutakasa bila maji, haikiui. Dawa yake ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Sasa sikia haya. Hatua chache kutoka bandani kuna chumba cha kukamulia, kina vigae, bomba, maji ya moto na sabuni, maana wanunuzi wa maziwa huja kukagua. Mtu wa bandani haruhusiwi kuingia, eti atachafua. Bandani mnunuzi hafiki, kwa hiyo hakuna hata tone la maji. Mama Ndama alipoomba bomba, msimamizi alimpa kichupa cha dawa ya kupaka mikononi, ile ile aliyoikataa daktari. Jamani, huku ni kumdharau mtu mchana kweupe.

"Kiwele cha ng'ombe kinaoshwa kwa maji ya moto kila kinapokamuliwa," anasema Mama Ndama. "Mimi natoka hapa na kinyesi kwenye gauni, nafika nyumbani mtoto ananirukia. Nimempelekea ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna aliyenionya."

Mtoto amepona, ila amehamishiwa kwa shangazi yake. Bibi humtazama akiwa mlangoni. Mtoto akinyoosha mikono abebwe, bibi anarudi nyuma, na mtoto haelewi kakosa nini.

Mama Ndama amekwisha kumwambia msimamizi: mwezi ukiisha bila bomba, na bila ovaroli na buti za kubaki shambani, haingii tena bandani. Msimamizi amemjibu kwamba wanaotaka kazi ni wengi.

"Wanifukuze," anasema. "Lakini huyo watakayemleta nitamngoja getini nimweleze. Huenda naye ana mtoto nyumbani."