Kaburi Langu Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mimi ni mtu wa saruji. Duka langu liko Nkuhungu, nauza saruji, nondo, misumari na rangi, na tangu serikali ihamie huku kwetu sijalala njaa. Watu wanakuja kutoka mikoa yote, wananunua viwanja, wanajenga, na mimi nawauzia. Mji ulivyotanuka nami nilinenepa, sikatai. Ninayasema haya mapema ili nikifika kwenye habari ya kaburi ijulikane kwamba anayeongea anaijua plasta.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Ipagala, upande wa kuelekea Mtumba. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mashamba ya uwele na mbuzi wa watu, basi. Sasa kila unapokanyaga kuna kigingi cha upimaji. Mama yangu anaishi hapo, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga na baba walipoacha tembe la udongo, na kaka yangu mkubwa na mke wake wanaishi uwanja huohuo. Tumezaliwa wawili tu.

Nilikuwa sijakanyaga pale kwa zaidi ya mwaka, na sababu ni siasa. Kaka aligombea uenyekiti wa mtaa. Mimi nikamuunga mkono mpinzani wake, mama mmoja wa chama kingine, kwa sababu kaka yangu simwamini hata kumwachia kuku. Bendera ya yule mama niliiacha ipepee mbele ya duka langu kampeni nzima. Kaka akashindwa. Akaja dukani, mbele ya wateja, akaniambia maneno ambayo siyarudii, nami nikamjibu maneno ambayo hata yeye hayarudii. Basi tukasusiana. Na kwa kuwa mama yuko uwanja mmoja naye, kumsusa kaka kukageuka kumsusa mama, ingawa hilo sikulipanga. Nikawa wa kupiga simu Krismasi na Pasaka.

Kisha mama akaacha kupokea hata hizo simu. Nikipiga, inaita mpaka inakata. Nilivumilia, mwishowe nikashindwa, nikafunga duka katikati ya wiki, nikanunua sukari, mchele na kitenge, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia kaka kama angethubutu kunizuia mlangoni.

Jirani yetu, bibi aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alikuwa anapepeta uwele nje ya nyumba yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akaniuliza kama kaka yangu anajua kwamba nimekuja. Nikamwambia kwani nyumbani kwetu siku hizi kuna kibali? Aliinamia ungo wake akaendelea na kazi. Nikaona uzee huo, nikapita zangu.

Nyumbani sikumkuta mtu. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikaweka sukari na mchele barazani, kitenge nikabaki nacho begani, nikaona niende kwanza kumwamkia baba.

Baba alizikwa zizini. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe, kwamba azikwe kama wazee wake wa Kigogo walivyozikwa, katikati ya zizi la ng'ombe, bila saruji wala msalaba, ng'ombe wampite juu. Sisi tuliosali kanisani tulinung'unika kidogo, lakini agizo la baba ni agizo. Kwa hiyo ukitaka kumwamkia unazunguka nyuma ya nyumba, unavuka uwanja, unasimama zizini kwenye samadi unaongea naye.

Sikufika zizini. Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha mama, palikuwa na kaburi.

Lilikuwa la saruji, jipya, lenye msalaba wa zege. Nikajua ni mama, kwamba ndiyo maana simu zilikuwa hazipokelewi, na kwamba kaka yangu amemzika mama bila kuniambia kwa sababu ya bendera. Nilitoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nikakimbia mpaka pale nikapiga magoti, nikasoma msalaba.

Yalikuwa majina yangu.

Yote matatu, langu, la baba na la babu, na mwaka niliozaliwa, na chini yake tarehe ya kufa, ya mwezi uleule wa uchaguzi. Nilisoma, nikafuta vumbi kwa kiganja, nikasoma tena. Nikakaa, na nilipotambua kwamba nimekalia kaburi langu mwenyewe niliruka kama mtu aliyekalia siafu. Nikasimama pale, mkono mdomoni. Nakumbuka, Mungu anisamehe, kwamba kitu cha kwanza kilichonijia akilini baada ya hapo ni plasta. Mchanga mwingi, saruji ya kulamba, wala hawakumwagilia maji. Kaburi langu lilikuwa limeshaanza kupasuka. Jamani, nina duka zima la saruji, na kaka yangu amenizika kwa saruji ya kuibiaibia.

Mama akatokea kwa njia ya zizini amebeba furushi la majani ya mlenda. Aliponiona hakushtuka. Aliweka furushi chini, akafungua kanga yake akaifunga upya, akasema, "Umekuja."

Nikamuuliza kile ni kitu gani. Nilikuwa nimepanga kumpigia magoti kwa kutokuja muda mrefu, badala yake nilikuwa namfokea mama yangu mzazi kwa sauti ya kufukuza wezi. Akaniacha nifoke. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akanieleza, polepole, kwa Kiswahili chake kinachochanganyika na Kigogo akiwa na hofu.

Watu wa upimaji walikuwa wamekuja na kamba zao. Barabara ya mtaa ilikuwa imepangwa kupita hapahapa, juu ya nyumba. Jirani wa upande wa pili yalishamkuta, nyumba ikaondolewa, sasa mama wa watu analala sebuleni kwa mkwewe huko mjini, anangoja watu wamalize televisheni ndipo atandike. Mama aliposikia hivyo akawaambia wale watu kwamba hapa amelala mume wake. Wakamfuata mpaka zizini, wakatazama samadi, wakatazamana. Wakasema hapa hakuna kaburi. Na hata lingekuwepo, liko mbali na barabara, haliwezi kuizuia. Lakini mmoja wao alisema neno ambalo kaka alilidaka: kwamba penye kaburi la kuonekana, karibu na mstari, huwa wanapinda barabara kidogo kuliko kuanza kufukua watu.

Basi likatakiwa kaburi. Na kaburi lina mwenyewe. Jina la kubuni lisingefaa, kwa sababu mjumbe wa mtaa angeulizwa kama mtu huyo aliwahi kuwepo. Aliyepo nyumbani asingefaa, kila mtu anamwona. Alitakiwa mtoto wa nyumba hii anayejulikana, ambaye haonekani.

"Wewe ulikuwa huji," mama akasema.

Nilitaka kusema kwamba kutokuja si kufa, kwamba Nkuhungu si ahera, ni bodaboda moja tu. Nilitaka pia kumuuliza kama yeye alikuwepo wakati wanaandika msalaba, nikaogopa kujua. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea kaka ilikosa pa kukaa, kwa sababu mama alikuwa anaiangalia ile nyumba yake, ukuta na bati, kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa. Kuhusu simu nilikuja kuelewa mwenyewe. Aliona haya kuongea na mtu aliyekwisha kumzika.

Hapo ndipo kaka alipokuja mbio kutoka barabarani. Aliniona akasimama ghafla. Tangu tuzaliwe hajawahi kuniomba kitu, amezoea kuamuru. Siku hiyo aliunganisha viganja kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nakuomba. Wako hapo nje. Leo tu."

Gari la upimaji lilikuwa limeshazima nje. Wakaingia kijana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, mwenzake wa kubeba vifaa, na mjumbe nyuma yao. Mjumbe aliponiona aligeuza uso akaanza kuangalia kuku. Kijana hakuwa katika wale wa kwanza; alikuwa mpole, lafudhi yake ya kanda ya ziwa, ana adabu kweli. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akampa pole kwa kufiwa na binti. Mama akaipokea. Aliipokea sawasawa, mkono shavuni, kama wanavyopokea wanawake waliofiwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Kisha kijana akanigeukia mimi, akauliza huyu dada ni nani.

Nilimwangalia mama. Nakiri nilikuwa nangoja. Nyumba nzima, barabara, kaka kupelekwa polisi kwa udanganyifu, yote nilikuwa nayajua, na bado nilikuwa nangoja mama aseme neno moja tu. Lingekuwa neno la kumbomolea nyumba yake, na nililitaka. Kama angelisema ningemchukua siku ileile, ningemjengea Nkuhungu kwa saruji yangu mwenyewe, chumba chenye dirisha kubwa.

"Mgeni," mama akasema. "Wa mjini. Amekuja kutupa pole."

Kijana akaitikia kwa kichwa, hana habari. Akatoa simu ili apige picha ya kaburi, akarudi nyuma, akasogea mbele, hakuridhika. Akaniomba, kwa heshima zote, nisimame pembeni ya kaburi ili ukubwa wake uonekane kwenye picha. Kaka akafumba macho. Nikasimama. Nikapigwa picha karibu na msalaba wangu, kitenge cha kumpelekea mama kikiwa bado begani, na nadhani nilitabasamu kidogo, maana ndivyo mtu anavyofanya akielekezewa simu.

"Marehemu ulimfahamu, dada?" kijana akauliza huku anaangalia picha yake.

Ningeweza kumwaga kila kitu hapohapo. Ulimi ulikuwa tayari, na wanaonijua wanajua ulimi wangu haujawahi kungoja ruhusa. Lakini mama alikuwa ameinamisha uso, anaangalia miguu yangu, na vidole vyake vilikuwa vinavutavuta fundo la kanga.

Nikasema nilimfahamu. Nikasema alikuwa mkali sana.

Kijana akacheka kidogo, akasema watu wa hivyo ndio huwa tunawakumbuka. Walipima kutoka kaburini hadi ukutani, wakazungumza wao kwa wao, wakang'oa kigingi chenye rangi nyekundu kilichokuwa karibu na ukuta wakakipeleka mbali, kwenye shamba lililokuwa la yule jirani aliyeondolewa nyumba. Mjumbe akapumua. Gari likaondoka, na nyumba ya mama ikabaki imesimama.

Kaka alijaribu kunishukuru. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza, na hilo nalo lilikuwa la kwanza tangu tuzaliwe. Wifi akarudi kutoka kisimani, akaingia jikoni bila kuuliza kitu. Mama alipika mwenyewe, ugali wa uwele na mlenda ninaoupenda, akachinja na kuku. Akanitandikia mkeka chini ya dirisha lake, akaninawisha mikono kabla ya kaka, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki. Vyote vile alinifanyia mimi, na mimi sikuweza kumeza. Kila nikiinua macho nilikuwa nakiona kile kitu cha saruji, na majina yangu, na ufa unaoanzia kwenye jina la baba.

Nilimega tonge nikaliweka chini. Nikamuuliza mama taratibu, bila hasira, maana hasira ilikuwa imeshanitoka yote:

"Mama, siku nikifa kweli, mtanizika wapi?"

Kaka aliacha kutafuna. Wifi akaangalia mlangoni. Mama alinyoosha mkono, akasogeza bakuli la mlenda karibu na mimi, akasema nile, ugali unapoa.