Wakwe Kwenye Siti ya Nyuma

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, na naandika haya masikio yakiwa bado yananiwaka kwa aibu, kwa sababu mtu aliyewapakia wageni wa posa ya dada yangu kwenye gari lililopandishwa juu ya magogo ni mimi, hakuna wa kusingizia.

Baba ana gari la spoti, la milango miwili, lililonizidi umri, ambalo mama analiita mke mwenza (anasema akicheka, lakini si sana). Nyuma lilikuwa limechoka kabisa, kila tuta linagonga kwa-kwa-kwa, na kwenye kona za kwenda Njombe linayumba mpaka mama anashika mlango na kuanza rozari. Wiki ile fundi Obadia alibadilisha shokapu, springi na bushi zote za nyuma (zile pete za mpira za kwenye maungio) hapo hapo uwanjani mbele ya nyumba yetu Makambako, nami nilikuwa namshikia spana, maana ukiwa na spana mkononi hakuna anayekulazimisha kuongea.

Ikabaki kukaza boliti za bushi. Fundi akanieleza kwamba hizo hazikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi zitakuja kujipinda na kukatika mapema. Lazima gari lisimame kwa matairi yake (ndiyo maana tuliyaweka juu ya magogo, apate nafasi ya kupita chini) na nyuma wakae watu, lishuke kama linavyoshuka barabarani. Akasema ameita watu wawili wazito kutoka kiwanda cha mbao cha jirani, wakifika niwaingize, kisha akazama chini ya gari.

Wageni wetu kutoka Njombe walikuwa wafike saa nane mchana. Baba alikuwa ameenda kununua soda, mama na dada Editha wako jikoni nyuma ya nyumba.

Basi hodi ikapigwa. Mzee wa koti refu na mama mnene aliyejifunga kitenge. Wawili, na wazito. Nikapiga goti, nikasema kamwene, wakaitikia, na hapo ilitakiwa niulize kitu kimoja tu, wao ni akina nani, lakini mimi kumuuliza mtu mzima swali ni bora nimeze mchanga, kwa hiyo nikafungua mlango wa gari, nikalaza kiti cha mbele, nikasema kwa sauti ndogo, "Karibuni mkae."

Wakatazamana. Mzee akavua kofia, akainama, akaingia. Mama akafuata, kwa tabu.

"Wamekaa?" fundi akauliza kutoka chini. Nikasema wamekaa. "Wewe wa kulia, sogea katikati, umelalia upande mmoja." Yule mama akasogea. "Na wa kushoto usitikisike, nakaza." Mzee akatulia kama yuko studio anapigwa picha, magoti yamefika kidevuni.

Ndipo baba akaingia na kreti la soda, pamoja na mshenga aliyekutana naye njiani, ambaye alikuwa anaeleza kwamba wamepata usafiri wa mapema na wenzake wametangulia. Baba akasimama. Akaliweka kreti chini taratibu.

"Yusta," akasema, "kwa nini baba mkwe wa dada yako yuko kwenye gari?"

Mzee alitoka kwa kuvutwa mikono, lakini yule mama, ambaye kumbe ni shangazi wa mchumba, alikwama kabisa, na wakati tunahangaika naye wakafika watu wawili wa kiwandani wakiuliza wakae wapi. Wao ndio waliomtoa. Kiatu kimoja kikabaki ndani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio, na mmoja akasema leo mwenye spoti anasafirisha wakwe bila kuwasha injini.

Wageni walikula kidogo. Baba aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Mshenga akasema shangazi mgongo unamuuma, watalala kwa ndugu yao karibu na stendi, na jibu lao kama posa inaendelea watalitoa kesho. Dada Editha hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hata nguo zao hukuziangalia?" halafu akageukia ukutani akalia.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, nilikwenda peke yangu mpaka walikolala, nikagonga. Shangazi ndiye aliyefungua. Nikasema yote kwa mkupuo, nisije nikakimbia: "Mimi ndiye niliyewaingiza kwenye gari. Nilidhani ni watu wa fundi, sikuuliza kwa sababu naogopa kuongea. Dada yangu hana kosa."

Kisha akasema wao Wakinga walifikiri labda ndivyo sisi Wabena tunavyowapima wageni uvumilivu, na mzee alimnong'oneza avumilie hivyo hivyo, maana wakitoka itasemekana wamemkataa binti.

"Na sisi tuliogopa kuuliza, mwanangu," akasema, akijishika kiuno. "Kamwambie baba yako tunakuja baada ya misa kumalizia maneno yetu. Ila safari hii tutakaa ndani ya nyumba."

Njia nzima nilijiapiza kwamba mtu akipiga hodi kwetu nitamuuliza jina lake, hata kama sauti itatetemeka. Nilimkuta dada anaosha vyombo vya jana, nikamweleza neno kwa neno. Alinisogezea sufuria moja na kipande cha sabuni, nikachuchumaa kando yake, tukasugua.