Vikorombwezo vya Ng'ombe Wawili

Kwa kuuza mimi sina mpinzani. Nimeuza mbegu na dawa za pamba hapa Bariadi tangu kabla mji huu haujawa makao makuu ya mkoa, na mteja wa kunishusha bei akaondoka anacheka bado hajazaliwa. Ndiyo maana mawifi zangu waliponishauri nimwachie dalali kazi ya kuuza gari la marehemu mume wangu, niliwashukuru, nikawapa chai, na sikufanya walichosema.

Gari liliuzwa kwa sababu moja tu. Mwanangu wa pekee alikuwa amechumbia binti wa kijiji cha Kasoli, na wazazi wa binti walitaka mahari ya ng'ombe, si pesa. Kwa hesabu yao, tulipungukiwa ng'ombe kumi. Baba wa binti ni mstaarabu lakini alisema wazi: ng'ombe wakitimia kabla ya msimu wa kuuza pamba, harusi ipo, wasipotimia, kuna mchumba mwingine anabisha hodi. Mwanangu alianza kukonda mbele ya macho yangu.

Lilikuwa gari la kifamilia lenye buti ndefu, namba zake za usajili za herufi C, yaani si jipya sana. Dalali mmoja aliyejileta mwenyewe alilizunguka akiwa anatafuna muwa. "Mama, hapa watu wanauliza namba, injini na tairi," akaniambia. "Hayo mengine vikorombwezo. Hayaongezi kitu."

Vikorombwezo! Mume wangu aliongeza kimoja kila pamba ilipouzwa, na kwa kila kimoja tuligombana. Alianza na spesa za kuinua gari lisiburuze tumbo. Ikafuata keria ya juu, redio ya skrini yenye kamera ya kuonyesha nyuma, kava za viti za ngozi, rimu za kung'aa, na mwisho honi ya sauti mbili kama ya basi la mikoani, iliyonitia aibu mtaa mzima.

Nilivipanga upya kwa swali moja: kitu hiki kinamwondolea mnunuzi adha gani? Rimu nikaziweka nje ya hesabu, zinang'aa tu. Kava za ngozi nazo nje, kwa jua letu zinaunguza mapaja. Lakini spesa si pambo. Anayeishi kwenye udongo mweusi wa mbuga anajua kwamba mvua ikinyesha, gari la chini linalala shambani. Keria inabeba magunia ya mahindi, magodoro na baiskeli. Kamera inaokoa mbuzi, na mtoto anayecheza nyuma ya gari uani. Hivyo vitatu nikavipa thamani ya ng'ombe wawili, juu ya wanane wa gari lenyewe. Jumla kumi. Msinicheke, hesabu hiyo niliisaidia kidogo kufika kumi, lakini kila senti yake niliweza kuitetea.

Mnunuzi alitoka Lalago, mfugaji wa makamo mwenye sauti ya mtu ambaye zizi lake limejaa.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, baba. Karibu."

Akafungua boneti, akasikiliza injini, akapiga tairi teke. "Natoa ng'ombe wanane."

"Hao wanane ni wa gari. Spesa, keria na kamera je?"

"Mayu, gari ni gari. Mimi nanunua injini na tairi nne. Hayo mengine alipenda mzee wako, siyo mimi."

Maneno hayo yalinichoma. Nilitaka kumwonyesha geti. Nikamkumbuka mwanangu, nikameza hasira yangu, nikasema, "Basi twende nikawaone hao ng'ombe."

Mwanangu ndiye aliyeendesha gari hilohilo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na tulipoacha barabara kubwa kuelekea kwake tope lilikuwa jeusi na zito. Gari moja dogo lilikuwa limekwama katikati, wenyewe wamekunja suruali wakisukuma. Sisi tulipita pembeni bila kusimama. Mfugaji aligeuza shingo akaliangalia lile gari mpaka likapotea.

Tulipofika zizini akajisahau. Mfugaji wa kwetu ukimsimamisha kando ya ng'ombe wake, ulimi wake hauna breki.

"Mwone huyu mweusi, mama yake alikuwa na maziwa mpaka majirani wanachoka kunywa. Yule mwenye pembe pana, plau anavuta kama mchezo. Na huyu hapa ana mimba, karibu anazaa. Huyu ni wa kuhesabu wawili, mayu."

Nikamsubiri amalize.

"Ng'ombe ni ng'ombe, baba. Mimi nanunua kichwa na miguu minne."

Mkewe, aliyekuwa akikamua pale jirani, alicheka mpaka akasogeza kibuyu maziwa yasimwagike. Hapo mumewe naye akacheka, akavua kofia.

"Kumi," akasema. "Lakini mwenye mimba abaki."

"Abaki. Mimi niletee wazima."

"Na ile honi?"

"Hiyo nakupa bure. Ungeichukua hata jana."

Ng'ombe kumi wakafika Kasoli. Wakwe wakawakagua mmoja mmoja, wakapima umri kwa meno, na hakuna aliyekataliwa. Tukapewa siku ya harusi. Mwanangu alikula ugali siku hiyo kama mtu aliyetoka kulima, nami nilipita sokoni kifua mbele.

Mfugaji alikuja kuchukua gari alasiri moja. Nikamkabidhi ufunguo na kadi, macho makavu, moyo mweupe. Nikarudi jikoni kupepeta mchele.

Mara honi ikalia getini, mara mbili, kama alivyozoea mume wangu akitoka shamba.

"Nakuja, mzee!" nikaitikia. Ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika, nikakimbia. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika komeo nilipokumbuka.

Alikuwa mfugaji. "Nimesahau jeki, mayu."

Nikamletea. Akaniangalia usoni, akauliza nina nini. Nikamwambia ukweli, kwamba ni ile honi. Akasema anaweza kuing'oa aniachie.

Nikakataa. Kama ningeipangia bei ile honi, gari lisingetoka nyumbani kwangu, na mwanangu angekosa mke. Nilimwomba tu asiipige tena mpaka afike barabara kubwa.