Demetria na Nyuso za Akina Mama wa Chanika

Mwaka 1976 Demetria Albano aliacha kazi ya rangi kwenye kiwanda cha nguo, akaenda kujifunza kusahihisha rangi za filamu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Newala, akikaa chumba cha kupanga Temeke Mikoroshini. Kiwandani kazi yake ilikuwa kuletewa kipande cha khanga cha mfano na kuchanganya rangi mpaka kitambaa kipya kifanane nacho. Siku akiumwa, mtambo mzima ulimsubiri.

Maabara ya filamu ilikuwa Kinondoni. Siku ya usaili, waombaji kumi na wanne waliwekewa vifuniko themanini vya rangi zinazokaribiana, wavipange kwa mfuatano. Demetria alivipanga vyote bila kosa. Wengine wote walikuwa wanaume, na hakuna aliyefika hata nusu.

Mkuu wa chumba cha rangi alikuwa Ndugu Wilbert, mtu mpole lakini mgumu kubadilika. Alikuwa amesoma ng'ambo miezi sita na mashine ya kuchapia filamu aliijua kama kiganja chake. Alimwonyesha Demetria taa tatu zilizomo ndani yake: nyekundu, kijani na buluu. Kila taa ilikuwa na namba zake, sifuri hadi hamsini, na kila kipande cha filamu kilipangiwa namba tatu kabla ya kuchapwa. Mashine ilikuja na ukanda mfupi wa mfano wenye picha ya msichana wa Kizungu aliyevaa gauni jeupe.

"Huyu akitoka vizuri," alisema Wilbert, "kila kitu kimetoka vizuri."

Mwezi wake wa tatu kazini ikaletwa filamu ya akina mama wa kijiji kimoja cha ujamaa huko Chanika, wakilima shamba lao la pamoja. Wilbert akaichapa kwa kufuata ukanda ule. Mbingu ikatoka buluu safi, majani ya mihogo yakatoka kijani. Lakini nyuso za wale akina mama zilikuwa za kijivu, zenye ukijani kwa mbali, macho na meno tu ndiyo yakionekana.

Tabu, mpika chai wa maabara, alisimama mlangoni na birika mkononi.

"Mbona hawa wenzetu wamepakwa majivu?"

"Jua lilikuwa kali siku hiyo," Wilbert akamjibu.

Demetria hakuridhika. Tabu alipoondoka, akasema, "Ndugu Wilbert, naomba nijaribu. Watu hawa hawako hivi."

"Filamu inanunuliwa kwa fedha za kigeni, dada. Nakupa futi mia mbili za mabaki. Zikiisha, inakwenda kama ilivyo."

Onyesho lilikuwa limepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wenyewe wa Chanika walikuwa wamealikwa.

Demetria akaanza kama alivyozoea kiwandani: rangi ikizidi, unaipunguza. Akapunguza taa ya kijani. Nyuso zikatoka za kijani kuliko mwanzo. Akapunguza tena, zikaharibika zaidi. Futi sitini zikaishia kwenye ndoo ya taka, naye akarudi nyumbani bila hamu ya kula. Asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake, akaipanga mikanda yote dirishani na namba zake, akaitazama mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipoelewa. Kwenye filamu mambo ni kinyume: ukiongeza taa ya kijani, kijani kwenye picha kinapungua.

Akaiongeza. Ukijani ukaondoka, lakini sasa nyuso zikawa nyekundu kama matofali. Kwa kinyume kilekile akaongeza taa nyekundu kidogo, akapunguza nguvu ya taa zote tatu ili giza la nyuso lifunguke. Alikuwa anakaribia, lakini hakuwa na uhakika. Akina mama wa Chanika hakuwa nao pale awalinganishe.

Basi akamwomba mpiga picha wa filamu ile awapige Tabu, Mwanaasha mpiga taipu wa ofisini, na Wilbert mwenyewe, wakiwa wamesimama uani. Tabu alikuwa mweusi wa kung'aa, Mwanaasha maji ya kunde, Wilbert katikati yao. Ukanda ulipochapwa, Demetria aliwakalisha wote watatu kando ya dirisha, akawa anatazama picha, anawatazama wao, anabadilisha namba, anachapa tena. Mara ya nne Wilbert akainuka kwenye kiti, akasogea hadi karibu na picha yake na kujigusa paji la uso.

"Hili kovu langu linaonekana."

"Si lipo?"

"Lipo tangu utoto. Sijawahi kuliona kwenye filamu hata moja." Akamgeukia Demetria. "Chapa filamu yote kwa namba zako. Fomu ya kuchukua filamu mpya naisaini mie."

Futi za mabaki zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Jumamosi asubuhi lori lilileta akina mama ishirini na wawili. Demetria alikaa safu ya nyuma. Taa zikazimwa, filamu ikaanza. Kisha kiongozi wao, Bi Hamisa, akatokea kwenye picha amejitwisha kikapu, anacheka.

"Jamani, yule mie!" alipiga kelele. "Kumbe nina vishimo mashavuni, na nyie hamjaniambia miaka yote hii!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Kila mmoja aliyetokea aliitwa kwa jina. Filamu ilipoisha wakakataa kutoka, ikaonyeshwa tena, na tena mara ya tatu. Wilbert akamshika Demetria mkono, akampeleka mbele.

"Shikamoo, mama," Demetria alimwamkia Bi Hamisa.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyetutoa vizuri hivi?" Akamkumbatia mpaka khanga ya kichwani ikamdondoka.

Tangu siku hiyo ukanda wa watu watatu ndio uliofuatwa, na filamu nne za zamani zikachapwa upya. Mwaka 1979 Demetria akawa mkuu wa chumba cha rangi. Filamu ya kwanza aliyoisimamia iliandikwa jina lake mwishoni. Mama yake alisafiri kutoka Newala kuja kuiona. Alikuwa amemaliza darasa la kisomo cha watu wazima mwaka uleule, na majina yalipoanza kupanda alisimama katikati ya watu, kidole mbele, akasoma kwa sauti: "De-me-tri-a. Demetria Al-ba-no."

Alisoma mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.