Kijiko Katikati ya Wimbo

Saa mbili asubuhi uji wa mchele umepoa kiasi cha kuliwa, na Godelive Nabintu amekaa kwenye kigoda mbele ya kiti cha Bi. Leong, kijiko mkononi, akisubiri mdomo ufunguke. Haufunguki.

Juu ya kabati, redio ya CD inaimba kwa Kikantoni. Sauti ni ya mwanamke, nzuri sana, na nyuma yake ngoma zinakimbia kama watu waliochelewa kazini. Bi. Leong, mwenye umri wa miaka themanini na tisa, anatazama ukuta.

"Si huyu," anasema Godelive bila kugeuka. "Ni yeye, lakini si huyu."

Anajaribu mara tatu, kisha anarudisha kijiko bakulini na kujipangusa uso kwa kanga. Ni Jumatano. Ijumaa mgonjwa atapimwa uzito, na hatima ya wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, itaamuliwa na mizani ya bafuni.

Daktari ameweka mpaka: kilo thelathini na nane. Akishuka chini ya hapo, Bi. Leong atahamishwa kwenye nyumba ya wazee na kulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Ijumaa iliyopita alikuwa na thelathini na nane na gramu mia moja.

Godelive, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mzaliwa wa Bukavu. Alifika Durban mwaka 2011, akasuka nywele saluni mpaka vidole vikagoma, na sasa ni mwaka wa sita anamhudumia bibi huyu katika fleti ya ghorofa ya kwanza, Glenwood. Huja kwa miguu kutoka chumba chake cha Berea, saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Mshahara wake ni "four and a half thousand", randi elfu nne na nusu kwa mwezi, anautaja kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Anamwita mgonjwa wake Gogo, kama wazee wanavyoitwa mji mzima. Gogo alipoteza Kiingereza kwanza, kisha jina la binti yake. Kilichobaki ni nyimbo za Yip Lai-wan, mwimbaji wa Hong Kong ambaye albamu zake zimejaa kabati la sebuleni.

Albamu hizo karibu zote ni mikusanyiko ya nyimbo bora. Zilikuwa tisa, mwaka huu zikaongezwa mbili. Hajui Kikantoni wala hasomi herufi zake, ila anazitambua kwa umbo, kama mtu anavyotambua mishono ya vitambaa. Na baada ya miaka sita ya kusikiliza asubuhi na jioni, ana maoni yake.

"Mi niko fan kidogo tu," anasema. "Sikumuchagua, nilimukuta hapa. Lakini nakuambia, album ni kumi na moja, nyimbo ni zile zile makumi mbili. Wanabadilisha tu picha. Na kila album mupya, ye anakuwa kijana zaidi."

Anacheka kwa uchovu. "Ni sawa na permit yangu ya kukaa hapa. Kila wakati karatasi ni ile ile, ni date tu iko mupya."

Hata hivyo hazidharau. Kwenye albamu kongwe kuliko zote, yenye CD mbili, CD ya kwanza, anasema, ni ya watu "wenye hawamujue", nyimbo za kupigwa dukani. Ya pili ndiyo yenye moyo. Kazi yake yote aliipanga kwa CD hiyo ya pili: wimbo wa tatu kuoga, wa tano kuchana nywele, wa saba kula. Wimbo wa saba ulipoanza, Gogo alifungua mdomo mwenyewe. Kwa nini, Godelive hakujiuliza. Mtu aliyechoka hachunguzi kitu kinachofanya kazi.

Mwezi Julai CD ile ilianza kukwama. Bukavu, kwenye duka la video la mjomba wake, diski zilizokwaruzwa zilikuwa zikisuguliwa kwa dawa ya meno na kupona. Godelive akaisugua. Haikupona. Tangu siku hiyo redio haikuisoma tena, na Gogo akaanza kukataa chakula.

"Nililia," anasema. "Nilijua ni mi nimemuua."

Irene, binti wa Bi. Leong, hakumlaumu. Ni mhasibu wa kampuni ya malori kule Clairwood, mtu wa maneno machache, na usiku ni zamu yake kuamka. Aliagiza mikusanyiko miwili kwa posta, akatafuta na kwenye simu. Wimbo wa saba ulikuwepo kote. Lakini mwimbaji, alipogombana na kampuni yake ya zamani, alirekodi upya nyimbo zake zote, na mikusanyiko mingine yote, hata ile ya kabatini, imebeba sauti hiyo ya pili. Maneno ni yale yale. Ngoma ndizo zimeongezwa.

"Siwezi kumpeleka mama mahali ambapo hakuna anayemjua," alisema Irene Jumatano ile jioni, akiwa bado na begi begani. "Lakini siwezi pia kumwangalia akifa njaa. Nimechoka, Godelive. Nisamehe."

"Mama, usiombe musamaha," Godelive akamjibu. "Wote tumechoka."

Ijumaa mizani ilisema thelathini na nane kamili. Irene akapiga simu kwenye nyumba ya wazee, akaulizia kitanda. Kilikuwepo. Akaomba wamshikie wiki moja.

Jumapili Godelive alikwenda kanisani, ukumbi wa kukodi ambako Wakongo husali. Yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya: anatupa mstari, waimbaji wanaudaka na kuumaliza. Siku hiyo alitupa mstari, kisha akili ikazimika. Alisimama na kinara cha maikrofoni, mdomo umefungwa, anaona giza la usingizi. Kwaya haikungoja. Ilidaka ikamaliza, kama kawaida.

"Barthélemy, mutu wa piano, alifikiri nimeguswa na Roho," anasema. "Mi nilikuwa nimelala wima. Lakini pale pale nikaelewa. Gogo hakuwa anafungua mudomo juu ya chakula. Alikuwa anajibu."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika rekodi ya zamani, mwimbaji akimaliza mstari ananyamaza, vinanda vinabaki peke yake, na kunakuwa na mwanya. Kwenye mwanya huo Gogo alifungua mdomo aimbe, na kijiko kikaingia. Miaka sita. Rekodi mpya imeziba mianya yote kwa ngoma.

Jumatatu asubuhi Godelive alizima redio. Akaimba mstari wa kwanza mwenyewe, polepole, maneno asiyoyaelewa hata moja, kisha akanyamaza kama anavyonyamaza mbele ya kwaya yake. Gogo aligeuka kutoka ukutani. Akamtazama kwa hasira kidogo, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzembe, akafungua mdomo.

Kijiko kikaingia.

Bakuli lilichukua saa moja na nusu. Koo la Godelive lilikauka. Mchana akaimba tena, jioni akaimba tena, na keshoye vivyo hivyo. Irene alijitolea kumtafsiria maneno, Godelive akakataa. "Kama ni ya mapenzi, pasteri ataniuliza. Aniache hivi."

Ijumaa hii Irene alimsimamisha mama yake kwenye mizani, Godelive akiwa amemshika kiuno kisha akamwachia taratibu. Thelathini na nane na nusu. Irene alisoma mara mbili. Akaenda barazani, akapiga simu akawaambia kitanda wampe mtu mwingine.

Godelive alibaki ameketi ukingoni mwa bafu. Akaulizwa anatumaini nini mbele.

"Naomba afie hapa," alisema kwa sauti iliyokauka. "Kwa kitanda yake, mi nimemushika mukono. Na siku hiyo nitaenda kwangu, nitalala wiki muzima, mutu asiniimbie kitu."

Akamfunika Gogo taulo mabegani.

"Lakini isiwe mwaka hii. Mwaka hii naweza bado."