Kibendera Changu na Goli la Byamungu

Wacha niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana watakuambia tu, tena watakuambia kwa chumvi: yule mtu aliyekataa goli la timu yake mwenyewe, mchana kweupe, huku anarukaruka kwa furaha, ni mimi. Mpaka leo nikiingia duka la vyakula vya kwetu kule Brooklyn Park, hapa Minnesota, kutafuta unga wa ugali, hakosi mtu wa kuninyooshea mkono juu wima, pale penye rafu za majani ya chai, halafu anacheka mpaka anaegemea kikapu chake. Mimi nacheka pia. Nifanyeje?

Timu yetu iliitwa Baridi FC. Jina tulilipata siku ya mazoezi ya kwanza, mwezi wa nne, ilipotuangukia theluji katikati ya kupasha misuli na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbilia gari. Tulikuwa Wakenya na Wakongo, wengi wetu watu wa hospitali na wa kutunza wazee, na kiwanja kilikuwa cha kukodi nyuma ya shule moja huko New Hope. Usiniulize tulikuwa ligi gani (ilikuwa ligi ya Jumapili, ya watu ambao Jumatatu wanakwenda kazini wanachechemea). Mimi sikuwa mchezaji, tumbo langu lilishaamua hilo zamani. Mimi nilikuwa shabiki, na si shabiki wa kusimama tu, nilikuwa na taulo la kijani ambalo mpira ukikaribia goli la wapinzani nalipandisha juu nalizungusha, na pembeni pote watu wanapandisha walichonacho, kanga, koti, kofia ya mtoto, na kelele zinaanza. Ndiyo maana wakaniita Taulo. Jina langu ni Kimani lakini kuna watu wa timu ile hawalijui hadi leo.

Naishi Maplewood, peke yangu, na kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee hukohuko. Siku sita nazungumza Kiingereza cha kupaza sauti na watu wasiosikia vizuri, na ile ya saba naendesha nusu saa mpaka New Hope, nashuka garini, na Mama Furaha, mke wa mshambuliaji wetu Byamungu, ananimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake na kunipa andazi, ananiuliza kama nimelala vizuri. Ndipo nilikuwa nakuwa mtu. Sisemi kwa kutafuta huruma, nasema mjue nilikuwa naenda kutafuta nini kule.

Halafu korona. Kila kitu kikafungwa, na pale kazini wakafunga hata wageni, kwa hiyo nikawa mimi ndiye wa kumsukuma mzee kwenye kiti chake hadi dirishani ili binti yake aliyesimama nje kwenye nyasi amwone. Nafanya hivyo mchana kutwa, kisha narudi kwenye nyumba isiyo na mtu, na mimi sina dirisha la kusukumiwa. Jumapili moja nikashindwa kukaa. Nikaingia garini, nikaenda New Hope bila sababu yoyote, nikaegesha, nikakaa natazama kiwanja. Milingoti ya goli walikuwa wameigeuza ikatazamana na kuifunga mnyororo. Nikaona gari moja tu jingine upande wa pili, na ndani yake yuko Mama Furaha na chupa yake ya chai, peke yake. Hakuna aliyeshuka. Tulipungiana mikono tukiwa nyuma ya vioo, tukakaa pengine nusu saa, kisha kila mtu akaenda zake, na njia nzima ya kurudi nililia kama mtoto.

Sasa ndiyo muelewe, waliporuhusu michezo tena kwa masharti, mimi akili haikuwa sawasawa. Masharti yalikuwa haya: wanaingia wachezaji, kocha, refa, na kila timu inaleta mtu mmoja wa kushika kibendera kwenye mstari wa pembeni. Mashabiki hapana, hata wa kukaa garini hapana, wakikutwa timu inanyang'anywa kiwanja. Kocha wetu Otieno, Mkenya mwenzangu, akauliza kwenye kundi letu la simu nani anaweza kushika kibendera. Kundi kimya. Nikaandika: mimi.

Akanipigia hapohapo.

"Taulo, kazi ya line unaijua ama unataka tu kuingia?"

"Coach, hiyo ni kitu ndogo."

Neno langu lilikuwa hilo, na mengine yote yalitoka hapo. Nilichokijua mimi ni kuwazomea washika vibendera, nimewazomea miaka ishirini, nikadhani hiyo ni elimu.

Jumamosi, Byamungu akanipigia. Niwaeleze kidogo habari zake. Ni mtu wa Uvira, Kongo, amekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa hapa, na kule kambini alikuwa mfungaji wa kusifika, mama yake alikuwa anatembea na kigoda chake mpaka kiwanjani kila mechi. Mama alibaki kule. Tangu Byamungu afike Minnesota alikuwa amecheza misimu miwili bila kufunga hata goli moja, kwa sababu ya magoti na miaka thelathini na minane, na kila wiki mama anamuuliza kwenye simu kama amefunga, na kila wiki anajibu bado. Sasa Otieno alipanga kuweka simu kwenye kijiti pale mstarini, mashabiki wote waangalie kwa video wakiwa makwao, na mama wa Nyarugusu ameunganishwa. Saa nne asubuhi yetu ni saa kumi na mbili jioni yao. Ameshachajisha simu, ameshapata pa kukaa penye mtandao.

"Kaka," Byamungu akaniambia, "kesho mama ataniangalia. Vraiment, kweli kabisa, niombee."

Nikamwambia asiwe na wasi, nitakuwepo.

Jumapili nikafika wa kwanza. Wapinzani walikuwa vijana wa Woodbury, wana viatu vinavyofanana. Refa alikuwa mzungu mmoja mrefu, mzee wa heshima, barakoa mpaka chini ya macho, akakipulizia dawa kibendera cha rangi ya machungwa na kunikabidhi kwa kunyoosha mkono mrefu. Niliposhika kile kijiti nilijisikia mtu mkubwa sana. Kisha nikageuka nyuma kwa mazoea, kumtafuta Mama Furaha na chai, na hapakuwa na mtu, nyasi tupu mpaka kwenye uzio. Unasikia kila teke. Unasikia mtu anapumua. Hatua chache kutoka nilipo ile simu imesimama kwenye kijiti chake na visanduku vya sura ndani yake, na Otieno amezima sauti zao ili wasituchanganye, kwa hiyo wanashangilia na husikii kitu.

Kipindi cha kwanza nilijitahidi. Mpira ukitoka nainua, na mara mbili nilielekeza upande usio wenyewe, refa akanisahihisha kwa upole. Cha pili tukaanza kuwabana. Zimebaki kama dakika ishirini, kiungo wetu akapenyeza pasi katikati ya mabeki wao, na nani yuko pale, Byamungu, na magoti yake, anakimbia kama mtu aliyeazima miguu, kipa ametoka, Byamungu akaupiga kwa ugoko, si kwa mguu, kwa ugoko, mpira ukajikokota, ukagonga mlingoti, ukaingia.

Na mkono wangu ukapanda.

Naapa sikuutuma. Miaka yote ile mpira ukikaribia goli ule mkono unapanda na taulo, wenyewe haukujua kwamba safari hii umeshika kitu kingine. Nikainua kibendera juu kabisa, nikakizungusha, nikaruka, nikakimbia mstarini nikipiga mayowe, nikapita mbele ya ile simu nikacheza kidogo (Mungu anisamehe, nilitikisa na kiuno). Nikasikia kipenga, nikajua ni kipenga cha goli. Nilipotulia, Byamungu aliyekuwa anaikimbilia simu mikono wazi alikuwa amesimama katikati ya njia, Otieno ameshika kichwa, na kipa wa Woodbury ameshautenga mpira, anaupiga, mchezo unaendelea. Kibendera juu ni kuotea, na goli limekataliwa, na aliyelikataa ni mimi.

Sasa sikiliza ilivyozidi kuharibika. Vijana wa Woodbury wakaanza kunipigia makofi. Mpira ulipotoka, refa akaja mpaka umbali wa futi sita akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya ligi hizi hajawahi kuona mshika kibendera anayeikatalia timu yake mwenyewe, na kwamba mimi ni mtu mwaminifu sana. Nikashusha barakoa nimweleze kwamba hapana, nilikuwa nashangilia, mimi si mwaminifu hata kidogo. Akarudi nyuma haraka akaniamuru niipandishe. Nikaipandisha, nikaanza upya, na nikiwa na wasiwasi Kiingereza changu kinakimbia, kikipita kwenye kitambaa anasikia nusu. Nyuma yake Otieno anafoka, "Kimani, umefanya nini? Umefanya nini wewe?" Refa akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa alivyoelewa yeye. Akaniambia kwa sauti ya chini nisikubali kutishwa na mtu, kisha akaenda akampa Otieno kadi ya njano kwa kuninyanyasa.

Nikamfuata nimtetee kocha. Akasema uamuzi haurudi nyuma, mpira umeshachezwa, nirudi kwenye mstari. Nilirudi kwa kupita mbele ya simu, nikaiona. Shemasi wa kanisa letu amelala kwenye kochi lake anafuta machozi ya kicheko. Mama Furaha amejifunika uso kwa kanga. Na kile kisanduku cha Nyarugusu kilikuwa cheusi, mtandao umekatika. Zile dakika zilizobaki sijui zilikwendaje, sikuwa naona mpira. Mechi ikaisha bila goli.

Byamungu nilimkuta amekaa nyuma ya gari lake, anafungua kamba za viatu polepole. Nilisimama mbali, futi sita na zaidi. Nikamwambia kaka, nisamehe, nimekudhulumu mbele ya mama yako. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Alivua kiatu kimoja akakishika tu mkononi. Na hapo simu yake ikalia, akaiweka sauti wazi kwa sababu mkono mwingine una kiatu, na sauti ya mama ikatoka, nyuma yake vigelegele vya watu wengi.

"Mwana wangu, nimekuona. Nimeona na macho yangu yote mbili. Réseau ilikatika palepale, lakini goli niliona."

Byamungu akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo kunizuia nisiseme neno.

"Na ule mwenye bendera," mama akasema, "ule alikuwa anaruka, ni nani?"

"Ni kaka Kimani, mama. Wa Kenya."

"Umwambie Mungu amubariki. Mutu anafurahia goli ya mwenzake namna ile, huyo ni ndugu."

Byamungu akasema ndiyo mama, ni ndugu. Kisha akainama juu ya kile kiatu, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso, na hata hapo sikujua. Mimi nilitaka kumkumbatia. Ilikuwa hairuhusiwi. Nikasimama pale palipo na futi sita zangu, mikono imening'inia.

Wiki chache baadaye amri mpya ikatoka, michezo ikafungwa tena. Ilipofunguliwa mwaka uliofuata, Byamungu na familia yake walikuwa wamehamia Iowa kufuata kazi, na wengine nao wametawanyika, wachezaji waliobaki hawafiki kumi na mmoja, tukajiunga na timu nyingine ya hapa. Baridi FC haipo. Bado naenda New Hope Jumapili na taulo langu, watu wapo, kelele zipo, chai nabeba yangu mwenyewe. Lakini mpira ukitoka nageuka nyuma kuwatafuta wale wa zamani, na pale penye uzio wamesimama watu nisiowajua.

Kibendera sishiki tena. Juzi walikosa mtu, wakanitazama, nikaingia garini nikafunga mlango mpaka walipompata mwingine. Kwenye karatasi ya refa Byamungu hakuwahi kufunga goli Amerika, goti likamaliza habari yake hukohuko Iowa. Lakini Nyarugusu wanalo lile goli, mama analisimulia kwa majirani, na nasikia kila mwaka linafungwa kutoka mbali zaidi. Byamungu akimpigia simu, mama hamalizi bila kuuliza yule wa bendera hajambo. Kisha Byamungu ananipigia mimi, anasema mama anakusalimu, nami namrudishia salamu. Nimeapa hatasikia ukweli kutoka kinywani mwangu. Nyinyi nimewaambia, na nyinyi mfunge midomo.